Nyumba Kigamboni: Pima njia ya saa nane usiku kabla ya kulipa

Jumamosi asubuhi kwenye foleni ya pantoni, upande wa Magogoni, si vigumu kuwatambua wanaokwenda kuangalia nyumba. Mume ameshika simu yenye ramani aliyotumiwa na dalali kwa WhatsApp. Mke amebeba mtoto mgongoni na kila baada ya muda anachungulia saa. Wakazi wa Kigamboni waliowazunguka hawachungulii chochote. Wanatafuna karanga, wanasubiri geti lifunguliwe.

Safari ya majini yenyewe haifiki dakika 10. Upepo ni mzuri, majengo marefu ya Posta yanabaki nyuma, na ng'ambo inaonekana minazi. Nyumba nyingi za Kigamboni zimeuzwa ndani ya dakika hizo. Kinachosahaulika ni muda unaoliwa kabla ya geti kufunguliwa, hasa jioni, na hasa siku ambayo kivuko kimoja kipo kwenye matengenezo.

Si ajabu familia kuipenda Kigamboni. Kwa anayelipa kodi Temeke, Kinondoni au Ilala, huku ndiko mtu wa kipato cha kati bado anaweza kupata uwanja wa mtoto kucheza mpira bila kuvunja kioo cha jirani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 317,902 wilayani humo. Mwaka 2012, eneo hilo likiwa bado sehemu ya Temeke, walikuwa takriban 163,000. Kwa miaka 10 tu idadi imekaribia kuongezeka mara mbili, na kila wiki kuna Fuso lililosheheni makochi na friji likielekea upande huo.

Tatizo ni kwamba Kigamboni ya dalali ni neno moja, lakini Kigamboni yenyewe ina kata tisa, kuanzia Feri penye msongamano hadi Pemba Mnazi ambako mtu akisema anakwenda mjini anamaanisha safari. Nyumba mbili zenye bei inayolingana na bati la rangi ileile zinaweza kutofautiana kwa jambo moja lisiloonekana kwenye picha, nalo ni muda wa kufika hospitali.

KUCHELEWA KWA PILI

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha mapitio yao kuhusu vifo vya wajawazito, na maelezo yao yanafundishwa hadi leo kwa wauguzi na madaktari. Walieleza kuwa mama hupotea kwa kuchelewa kwa aina tatu. Familia inachelewa kuamua kwenda hospitali. Ikishaamua, inachelewa kufika. Ikishafika, inachelewa kupata huduma inayotakiwa.

Kuchelewa kwa kwanza kunatokana zaidi na uelewa na fedha, kwa tatu kupo mikononi mwa hospitali. Kwa pili, katika jiji kama Dar es Salaam, huamuliwa kwa sehemu kubwa siku familia inapochagua mtaa. Na huamuliwa mchana, jua likiwaka, barabara ikiwa kavu, mara nyingi na baba peke yake kwa sababu mama amebaki nyumbani na mtoto.

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua ana saa chache tu za kuokolewa. Mtoto aliyeshikwa na degedege, au aliyebanwa na pumu hadi midomo inabadilika rangi, hana hata hizo. Nyumba ikiwa na dakika 40 za ziada hadi kwa daktari, dakika hizo haziondolewi kwa kubadilisha marumaru wala kupaka rangi upya. Jiko baya hubomolewa na kujengwa jingine. Mtaa uliokaa vibaya hauhamishiki.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa nyumba yoyote ya ng'ambo lisiwe vyumba vingapi. Liwe hili: saa nane usiku, mvua ikinyesha, mtoto akizidiwa, familia inatoka na usafiri gani, inapita njia ipi na inafika wapi kwa dakika ngapi?

MILANGO MITATU

Kigamboni ina milango mitatu ya kutokea. Wa kwanza ni pantoni, wa zamani kuliko yote na wa bei nafuu kwa mtembea kwa miguu. Nauli ilipopandishwa kutoka Sh100 hadi Sh200 mwaka 2012 mjadala wake ulifika hadi bungeni na vijiweni, na kwa kweli haikuwa hela ndogo kwa anayevuka mara mbili kila siku. Familia yenye watu wazima wawili wanaofanya kazi mjini siku 22 kwa mwezi hulipa Sh17,600 kwa kiwango hicho, kabla ya daladala za pande zote mbili.

Wa pili ni Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, linalounganisha Kurasini na upande wa Vijibweni. Lilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, pamoja na Serikali, na lilizinduliwa Aprili 19, 2016. Kwa wagonjwa, daraja ndilo lililobadilisha mambo, maana halina zamu ya kusubiri. Mwenye gari anapaswa kuingiza tozo kwenye bajeti ya mwezi, ingawa viwango vilipunguzwa mwaka 2022.

Mlango wa tatu wageni wengi hawaujui hadi wahamie. Ni barabara ya Kibada hadi Kongowe, inayotokea Mbagala kwenye Barabara ya Kilwa. Kwa mtu wa Kibada au Kisarawe II anayefanya kazi Mbagala, au anayekwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, njia hiyo ina maana kuliko pantoni.

Nyumba salama kwa familia ni ile yenye milango zaidi ya mmoja ndani ya mwendo wa bajaji. Nyumba inayotegemea pantoni pekee ni nzuri kwa kijana asiye na mtoto, na hata yeye atalalamika.

Wazazi wengi bado hawajahifadhi namba 115 kwenye simu. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotafutia usafiri wa dharura mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Lakini hata dereva aliyetumwa na mfumo huo lazima apate pa kupita, na hapo ndipo mitaa inapoanza kutofautiana.

MITA 300 ZA MWISHO

Mnunuzi hupimiwa umbali kutoka lami. "Ni dakika tano tu kutoka barabarani," anaambiwa, na ni kweli, kwa bodaboda, kiangazi. Mgonjwa hukwama katika mita 300 za mwisho.

Katika maeneo ambayo hayajapimwa, njia inayotumika siku ya kuoneshwa nyumba mara nyingi inapita juu ya kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga. Anapojenga, anaweka ukuta. Njia inapinda, inakuwa uchochoro, halafu inabaki nafasi ya pikipiki moja. Miaka mitano baada ya kuhamia, familia inajikuta ndani ya nyumba nzuri isiyofikiwa na gari la wagonjwa, wala gari la kunyonya majitaka, wala la zimamoto. Choo kikijaa, kinachofuata hakihitaji maelezo.

Hapa ndipo Kibada inapopata sifa yake. Sehemu kubwa ya eneo hilo, pamoja na Kisota, Gezaulole na Mwongozo, iliguswa na mradi wa Serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 kwa lengo la kupunguza ujenzi holela jijini. Kulipimwa viwanja, kukatengwa barabara, maeneo ya shule na ya huduma. Si kila barabara ina lami, na mvua kubwa ikinyesha baadhi zinageuka tope, lakini barabara ipo kwenye ramani ya mipango miji na jirani hawezi kuihamishia uani kwake. Kiwanja cha huko kinauzwa ghali kuliko kile cha "mwendo mdogo tu mbele", na tofauti ya bei hiyo ndiyo bei ya gari kuweza kufika mlangoni.

Vijibweni na Tungi zipo karibu zaidi na daraja, na Hospitali ya Vijibweni ipo hapohapo, jambo ambalo kwa familia yenye mjamzito au mtoto mdogo ni kubwa. Kasoro yake ni jirani wa muda mrefu, mafuta. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola nchini Zambia, linaanzia Kigamboni na lilianza kazi mwaka 1968. Matangi ya mafuta yapo, na malori yanayoingia na kutoka kupakia yanatumia barabara zilezile za watoto wa shule. Mzazi asisimame nyumbani tu. Asimame kituoni saa 12:30 asubuhi, aone watoto wa darasa la kwanza wanavyovuka, kama kuna alama za pundamilia, kama kuna mtu anayewavusha, au kama wanakimbia tu na mikoba mgongoni.

MAJI YA KISIMA NA CHUMVI YAKE

Kadiri mtu anavyosogea Mjimwema na Gezaulole, bahari inazidi kuonekana na bei inazidi kupanda. Gezaulole ni jina la Kizaramo lenye maana ya "jaribu uone". Kilikuwa kijiji cha ujamaa kilichopokea watu kutoka mjini, na jina hilo limewafaa wahamiaji wa kila kizazi.

Cha kujaribu hapo kwanza ni maji. Kwa ukanda wa pwani, kisima kinaweza kuanza na maji matamu na kadiri majirani wanavyozidi kuchimba na kuvuta, maji ya bahari yanasogea chini kwa chini. Muuzaji atasema "yana chumvi kidogo, ya kufulia yanafaa". Mzazi aulize familia inakunywa nini, kwa sababu boza na madumu ni gharama ya kila wiki kwa maisha yote ya kuishi hapo.

Chumvi hiyo si suala la ladha tu. Utafiti uliofanyika katika ukanda wa pwani wa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2011 ulihusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito, hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Pwani ile na hii hazifanani kwa kila kitu. Hata hivyo mjamzito mwenye historia ya presha anayehamia nyumba ya kisima cha chumvi ana sababu ya kumweleza muuguzi wa kliniki. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Yakichemka sana ndiyo inazidi kukolea.

Jambo jingine la kisima ni choo. Umbali unaoshauriwa kati ya choo cha shimo au karo na kisima ni angalau mita 30. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, hesabu hiyo haitimii ndani ya uzio mmoja, achilia mbali choo cha jirani ambacho kipo nyuma tu ya ukuta wa kisima. Ndani ya uzio kila kitu kinaonekana safi. Mzazi achungulie na upande wa pili.

Hali ya maji imeboreka sehemu kadhaa tangu mwishoni mwa mwaka 2022, DAWASA ilipozindua mradi wa visima virefu vya Kigamboni wenye tangi la lita milioni 15 huko Kisarawe II. Bomba limefika mitaa mingi ambayo zamani ilijua boza tu. Lakini kufika kwa bomba mtaani na maji kutoka kwenye koki ni mambo mawili. Mnunuzi aombe kuona bili za miezi mitatu. Bili hueleza kama maji yanatoka, na hazijui kudanganya kama maneno.

Kwa wanaotamani kusikia mawimbi kutoka kitandani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na katazo hilohilo linahusu kingo za mito. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo inaweza kuwa na ukuta mzuri na choo cha kisasa, lakini inauzwa na mtu anayejua kwa nini anaiuza. Vivyo hivyo kwa viwanja vilivyojazwa kifusi pembeni ya mikoko. Dar es Salaam ilishajifunza kuhusu mabonde Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu na familia za Jangwani na mabonde mengine kuhamishiwa Mabwepande. Maji yaliyotuama huleta mbu wa malaria, na ndoo na matairi yaliyoachwa uani huleta wale wa homa ya dengue, ambayo ilisumbua jiji mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wa dengue huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

BEI YA LAMI AMBAYO HAIJAJENGWA

Baada ya hapo bei zinashuka. Kisarawe II, Mwasonga, Kimbiji. (Kisarawe II si Kisarawe ya Mkoa wa Pwani, na kuna watu waliotuma fedha kutoka mikoani wakiamini vinginevyo.) Kwa hela ya chumba na sebule karibu na Feri, huku mtu anapata robo ekari na miembe yake.

Barabara ya Kibada hadi Kimbiji kupitia Mwasonga ina urefu wa kilomita 41. Malori ya saruji kutoka kiwanda cha Kimbiji hupita huko, na penye vumbi, vumbi hilo huingia dirishani na kukaa kwenye vyandarua na kifuani kwa mtoto mwenye pumu. Kila dalali ataeleza kuwa lami inakuja. Huenda ikaja kweli. Ila bei anayotaja tayari ina lami hiyo ndani yake, na mtoto atakayezaliwa mwaka huu atapita kwenye barabara iliyopo mwaka huu.

Kigamboni ina uzoefu mrefu wa mambo yanayokuja. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa kisasa, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Kulikuwa na familia zilizotaka kuongeza chumba kwa ajili ya watoto na hazikuweza, miaka ikapita, na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Huko Dege yalianza maghorofa ya mradi mkubwa wa nyumba zaidi ya 7,000, ujenzi ukasimama mwaka 2016, na kwa miaka mingi yalibaki magofu yasiyo na madirisha. Kuna watu walionunua viwanja jirani wakitarajia soko, shule na zahanati vitakavyofuata maghorofa hayo.

Haina maana kwamba kununua Mwasonga au Kimbiji ni kosa. Wapo waliokwenda huko wakiwa na watoto wakubwa, wakafuga kuku, wakajenga taratibu na wanaishi kwa amani. Kwa familia inayotarajia kuzaa, au yenye mtoto wa selimundu anayehitaji hospitali bila taarifa, kiwanja cha huko kinunuliwe kama akiba, na maisha yaendelee kwingine hadi huduma zisogee.

KUPANGA KWANZA

Njia ya uhakika kuliko zote ni kupanga katika mtaa huohuo kabla ya kununua, na kupanga kipindi cha masika, Machi hadi Mei. Kodi ya miezi mitatu inaonekana ni hasara hadi mtu aone maji yakiingia sebuleni kwa "nyumba ile nzuri". Asiyeweza kupanga aende mara tatu: siku ya kazi alfajiri, siku ya mvua, na usiku. Aendapo usiku apige simu kwa bodaboda wa kijiwe cha karibu aone kama anapokea. Alama za maji ukutani, zile mistari ya kahawia iliyopakwa rangi mpya hadi usawa wa goti tu, zinasema mengi kuliko mwenye nyumba.

Na waulizwe wanawake. Mama anayekaanga vitumbua kwenye kona ya mtaa, akiulizwa alijifungulia wapi na alifikaje, atajibu kwa dakika mbili yale ambayo dalali hayagusi siku nzima. Atataja zahanati, atataja kama huwa na dawa, atataja usiku ule bajaji ilipozama kwenye mchanga ikabidi ashuke atembee na uchungu. Swali hilo baba hulionea aibu kuliuliza, na ndiyo sababu nyingine ya mama kuwepo siku ya kuangalia nyumba.

Kuhusu karatasi, mengi yameshaandikwa. Muhuri wa serikali ya mtaa si hati, hata ukigongwa mara tatu. Penye hati, upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati kabla ya shilingi kutoka, na mkataba upite kwa mwanasheria asiyelipwa na muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kesi nyingi zimeanzia hapo: mke anarudi kutoka kwao na kukuta wageni wanapima mapazia. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, na mke wa muuzaji awe amekaa mezani siku ya kusaini, si kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa.